Niliomba Kalamu

Vijana wangu, nasikia siku hizi mnaomba kwa simu. Mtu anafungua kundi, anatutia humo watu mia moja bila kubisha hodi, anaandika "Habari zenu wapendwa," na kabla hujajibu "nzuri" ameshaweka namba ya kutumia mchango. Juzi nilitiwa kwenye kundi la namna hiyo. Nikataka kuandika "Amina", kidole kikabonyeza pengine, nikajikuta nimetoka. Sasa Bungoma nzima inasema kwamba Mzee Barasa, aliyekula mshahara wa kuomba maisha yake yote, ameombwa mara moja tu akatoroka.

Kwa wasionijua, miaka ishirini na tisa kazi yangu ilikuwa kuomba. Nilikuwa mtafuta misaada wa shirika dogo lenye ofisi ya vyumba viwili mjini Kitale. Tulikusanya mahindi, maharagwe, blanketi na madaftari kwa watu wa kwetu waliokwama, na njaa au mafuriko yakipiga nchi za watu, tulikusanya kwa ajili ya hao pia. Mke wangu alipoulizwa na watu wa kwao nafanya kazi gani, alijibu, "Yuko ofisi," akabadilisha mazungumzo.

Kuna jambo moja mlijue mapema. Mimi ni mtu wa Misikhu, na ulimi wangu haujawahi kukubali kwamba l na r ni herufi mbili. Nikiwa na haraka hata jina langu naliita Balasa. Maandishi haya yamesahihishwa na binti yangu Nekesa, ambaye ni mwalimu wa Kiswahili, kwa hiyo mkiona r imekaa mahali pake mshukuruni yeye. Ila nimemwomba asiguse pale watu wanapoongea. Tuliongea vile tulivyoongea.

Mwaka wangu wa kwanza nilikwenda Tongaren kuomba mahindi mwezi wa sita. Nilikuwa nimeona mashamba kando ya barabara, mahindi yamesimama mabichi, marefu kunishinda, nikajiambia hawa ni matajiri. Mzee mmoja alinisikiliza kwa heshima zote, akanipeleka kwenye ghala lake, akafungua mlango. Ndani mlikuwa na kuku mmoja analalia mayai.

"Chagua," akaniambia.

Mtu wa Tongaren huombwa mwezi wa kumi na moja, mahindi yakishavunwa na madalali hawajafika, na tena uwahi kabla ya kanisa. Mwezi wa sita ukienda, nenda kusalimia tu, na ikiwezekana ubebe sukari. Shuleni sikufundishwa hivyo; nilifundishwa na yule kuku.

Lakini mwalimu wangu hasa alikuwa Bwana Gurdev, Kalasinga mwenye duka la mabati na misumari pale Kitale. Mara ya kwanza nilisimama mbele ya kaunta yake, nikatoa barua yenye muhuri, nikaisoma yote kwa sauti. Alingoja nimalize, akanisogezea stuli.

"Barasa, wewe unaomba kama askari anauliza kitambulisho," akasema. "Kaa kwanza. Kunywa chai. Uliza kijana yangu ako darasa gani. Mtu akisimama anataka kuenda, sasa atakupa saa ngapi?"

Nikakaa. Nikanywa chai. Nikauliza kijana yuko darasa gani, na nikaondoka na mabati sita ya kuezekea nyumba ya mjane. Tangu siku hiyo sijaomba mtu aliyesimama, isipokuwa makondakta.

Bwana Gurdev alikuwa na swali moja lililoniudhi. Nikimaliza kuomba, aliniuliza, "Na wewe mwenyewe umetoa nini?" Nilimjibu kwamba mimi natoa jasho. Alitikisa kilemba chake. Baada ya miaka kadhaa alinipa kalamu ya chuma, nzito, ya kubadilisha mrija wa wino, akasema ni ya kuandikia barua za asante, kwa maana anayetoa asubuhi apate asante kabla ya jioni. Nilikaa nayo mfukoni mwa shati miaka mingi. Sikuiazima kwa mtu yeyote, hata mke wangu alipotaka kuandika orodha ya sokoni nilimtafutia penseli.

Mwaka fulani tuliambiwa tukusanye kwa ajili ya nchi moja ya mbali iliyoingiwa na maji. Nikaenda soko la Misikhu. Mama mmoja wa vitunguu akaniuliza, "Hao watu wa huko, wanajua Misikhu?"

"Hawajui, mama."

"Na wakijua, watatuletea nini?"

Nikakwama, mimi mwenye maneno. Mama akaniangalia nilivyokwama, akacheka mpaka akafuta macho kwa leso, kisha akanijazia gorogoro, ule mkebe wa kilo mbili tunaopimia kila kitu huku kwetu. "Wapelekee bana," akasema. "Maji si huwa haiulizi mtu wa wapi." Vitunguu havingefika huko vikiwa vizima, basi tulivinadi pale pale sokoni tukanunua blanketi. Yule mama alinifundisha jambo ambalo nililisahau, na mtaona lilivyokuja kunirudia.

Sasa tufike Kipsongo, mtaa wa vibanda pale Kitale. Aliishi huko mama mmoja Mturkana aliyeuza makaa ya kupima kwa mkebe, akiitwa Akiru. Nilimwita Mama Akilu, na hakuwahi kunisahihisha. Siku moja aliingia ofisini kwangu, akakaa bila kukaribishwa, akaweka kitambulisho mezani.

"Nataka kusoma," akasema.

Nikamwuliza kwa nini, umri wenyewe umesonga. Akaniambia. Wakati mmoja shirika letu liligawa unga Kipsongo. Jina lake liliandikwa nyumbani kwake, mlangoni, akiona. Siku ya kugawa akapanga foleni tangu asubuhi. Alipofika mbele, karani kijana kutoka makao makuu akatazama kitambulisho, akatazama orodha, akamwambia, "Huyu si wewe. Nani mwingine?" Akarudi kwa wajukuu na gunia tupu.

"Mtu aliandika jina yangu vibaya," akasema. "Mimi sikujua kusoma, sasa ningesema nini? Nataka kuandika mimi mwenyewe. Mtu asiniandikie tena."

Siku ya kugawa unga ule mimi nilikuwa Tongaren kwenye mahindi. Nilikasirika sana kwa niaba yake. Nikapiga meza. "Huyo karani ni mjinga kabisa!" nikasema. "Watu wa namna hiyo ndio wanatuharibia jina!" Mama Akiru akanitazama kwa upole, akachukua kitambulisho chake.

Nikaenda kwa afisa wa elimu ya watu wazima. Alikuwa Bi. Mwanaisha, mtu wa Lamu aliyekuwa amehamishiwa kwetu, na Kiswahili chake kilikuwa kimepigwa pasi. Akasema mwalimu wa ngumbaru yupo mmoja tu, na mitaa inayomgojea ni mingi. "Nitakuja Jumamosi ya wiki ijayo," akasema. "Nikute wanafunzi ishirini na watano, kila mmoja na daftari lake na kalamu yake mkononi. Wakikosa, mwalimu nitampeleka kwengine. Tusilaumiane, Bwana Barasa."

Madaftari yalikuwepo stoo; nikayagawa, jina la kila mama nikiliandika kwenye kikaratasi cha kubandika juu ya daftari lake. Kalamu hazikuwepo, lakini kalamu ni kitu gani? Nikasema nitaziomba.

Hapo ndipo nilipokosea. Mtu mwenye akili angeomba biro. Kijijini kwetu hakuna anayesema kalamu, hata kasisi anasema biro. Na hata ulimi wangu ungesema "bilo", watu wangeelewa, kwa sababu hakuna chakula kinachoitwa bilo. Lakini nilikuwa nimekaa na mtu wa Lamu saa nzima, Kiswahili kikanipanda kichwani.

Jumapili nikasimama kanisani Tongaren. Nekesa, hapa uache nilivyosema.

"Wapendwa," nikasema, "Jumamosi tunaomba karamu kwa mama zetu wa Kipsongo. Mwenye uwezo alete kubwa, asiye na uwezo alete hata ndogo. Hata ile imetumika ikabaki nusu, tutashukuru."

Mama mmoja wa kwaya akasimama, amekunja uso. "Mzee, mabaki hatuwezi. Tutaleta mpya." Nikampigia makofi. Nikawaza, ama kweli Tongaren kuna watu.

Kutoka hapo nikapita kwa fundi wa mabango Misikhu, nikamwambia kwa mdomo aandike nini. Yeye naye ni mtu wa kwetu, akaandika alivyosikia, mabango mawili: CHANGIA KARAMU YA AKINA MAMA WA KIPSONGO, JUMAMOSI SAA NNE. Nikayasoma mara mbili nikiwa nimevaa miwani. Yalikuwa sawasawa kabisa. Moja nikalitundika sokoni, lingine nikampelekea Bwana Gurdev dukani.

Bwana Gurdev alisoma, akatoka nyuma ya kaunta akanikumbatia. Haikuwa kawaida yake. "Barasa," akasema, "miaka yote unaomba misumari, unaomba mabati. Leo umeomba kitu ya maana. Kwetu hekaluni mtu yeyote akiingia anakaa chini, anakula, hatuulizi yeye ni nani. Nitaleta sufuria."

Nilidhani sufuria ni ya kutilia kalamu. Nilishangaa kidogo, lakini mtoaji haulizwi.

Ijumaa simu ikalia, mzee wa kanisa kutoka Tongaren. "Mzee, tulete ikiwa hai ama tuchinje kwanza?" Nikadhani mtandao umeharibika. Nikajibu, "Leteni vyovyote vile!" nikakata kuokoa chaji.

Jumamosi nilifika Kipsongo saa tatu na nusu nikiwa na kikapu kimoja kidogo cha kukusanyia. Nilisikia nyimbo kabla sijaona kitu. Lori la Tongaren lilikuwa linaingia, na juu yake kulikuwa na mbuzi wawili, magunia ya unga, kuku wamefungwa miguu, na kwaya nzima imevaa sare. Watu wa Misikhu walikuwa wameshawasha moto. Bwana Gurdev alikuja na familia yote, na kila sufuria yake ya dengu ilibebwa na watu wanne. Chapati zilikuwa kwenye beseni za kufulia, mpya. Mama wa vitunguu alikuwepo pia, analaumu mtu namna anavyokata nyama.

"Wametoa hivi," nikajiambia, "na kalamu je?" Bado sikuelewa. Nilidhani kalamu ziko chini ya chapati.

Saa sita gari la serikali likaingia. Bi. Mwanaisha akashuka, akatazama huku na huku. Akina mama ishirini na watano walikuwa wamekaa mstari wa mbele, madaftari magotini, na Mama Akiru mwanzoni. Wenzake walishaanza kula. Yeye sahani yake ilikuwa chini, haijaguswa, ametazama mlango wa gari.

"Mashallah," Bi. Mwanaisha akasema. "Bwana Barasa, kalamu zi wapi?"

"Karamu ndiyo hii, madam," mzee wa kanisa akadakia kwa fahari, akionyesha sufuria kwa mkono mzima.

"Kalamu, baba. Za kuandikia."

"Kuandikia tutaandika baadaye, madam. Wacha kwanza tukule."

"Kalamu!" Bi. Mwanaisha akachora hewani kwa kidole.

"Karamu!" watu wakaitikia, wakidhani anatupongeza. Kwaya ikapiga kigelegele.

Vijana, hapo ndipo nilipoyasikia maneno yale mawili yamesimama bega kwa bega, moja likitoka Lamu na lingine likitoka kwetu. Jasho lilinitoka mpaka kwenye soksi. Nikamnong'oneza Bi. Mwanaisha nilichofanya. Hakucheka. Akatazama saa. Gari lilitakiwa Endebess, akasema, na sheria ni sheria. Kwenda dukani kungemchelewesha. Nikamwona Mama Akiru ameelewa. Alikuwa amekunja daftari lake katikati kama mtu anayejiandaa kwenda nyumbani.

Kilichotuokoa kwanza ni dengu, maana dereva wa serikali alikuwa ameonja. Bi. Mwanaisha alipomwita, akajibu kwa mdomo uliojaa, "Dakika moja, madam," na ilikuwa ni chapati ya pili tu. Bwana Gurdev akanivuta mkono.

"Barasa, tazama hawa wageni wako. Wangapi wako na shati ya mfuko?"

Nikatazama. Wazee wa kanisa. Makatibu wa vyama. Waweka hazina. Walimu waliostaafu. Vijana, hamjui, lakini mwanamume wa Bungoma mwenye cheo chochote, hata cha kufunga mlango wa kanisa, hatoki nyumbani bila biro mfukoni. Ndiyo tai yake.

Nikapanda juu ya benchi. "Kila aliyekula karamu, atoe karamu!"

"Tumetoa!" wakapaza sauti.

"Hiyo ya mfuko!" Nikajipigapiga kifuani. "Bilo! Bilo! Naomba bilo!"

Kicheko kikaanzia kwa mama wa vitunguu kikazunguka Kipsongo yote. Biro zikaanza kutoka. Mwalimu mmoja mstaafu alitoa nyekundu ya kusahihishia, akaibusu kwanza. Nyingine zilikuwa zimetafunwa matako. Moja iliandika tu ukiitikisa. Bi. Mwanaisha akapita mstarini akihesabu kutoka mwisho: mmoja, wawili, kumi, ishirini, ishirini na wanne. Akafika kwa Mama Akiru. Mikono yake ilikuwa mitupu. Mifuko ya watu wote ilikuwa imekwisha.

Sikutaka kutazama kifua changu, lakini Bwana Gurdev alikuwa anakitazama. Hakuniuliza lile swali lake. Alisimama tu na upawa wake wa dengu.

Nikatoa kalamu ya chuma. "Nakuazima tu, mama," nikamwambia Mama Akiru kwa sauti ya chini. "Jumatatu nitaipitia."

Akaipokea kwa mikono miwili. Bi. Mwanaisha akaandika ishirini na watano, akafunga faili, kisha, kwa kuwa dereva alikuwa kwenye chapati ya nne, akaketi chini akala naye.

Jumatatu niliipitia. "Bado naandika," Mama Akiru akasema. Mwezi uliofuata bado alikuwa anaandika. Mwaka uliofuata aliisukumia ndani ya kitambaa chake cha kichwa, ikatulia vizuri, na kila nilipopita nikamwuliza, alijigusa kichwa akacheka. Nilimlalamikia hata Bwana Gurdev. "Kwani asante hazikuisha kuandikwa?" akanijibu.

Kabla sijastaafu tulikusanya mara ya mwisho, kwa ajili ya watu wenye njaa ng'ambo ya mpaka. Nilizunguka na kitabu changu Misikhu, Tongaren, maduka yote ya Kitale. Kipsongo nilipita nikisalimia tu. Nilidhani nawaonea huruma.

"Mzee!" Mama Akiru akaniita kutoka kwenye makaa yake. "Unapita unaenda wapi na kitabu? Si unakusanya? Ama sisi hatuna mkono?"

Niliona aibu, vijana, aibu ya kweli. Aliingia ndani akatoka na gorogoro la maharagwe, limejaa mpaka juu, akalimimina guniani mwangu. Nikafungua kitabu nikaandika kama nilivyoandika siku zote: Mama Akilu, maharagwe, gorogoro moja.

Akainama juu ya bega langu. Akasoma polepole, kidole kikifuata. "Hapana," akasema. Akachukua kitabu, akachomoa kalamu yangu kichwani, akafuta jina, akaandika lingine pembeni kwa herufi kubwa zilizonyooka. Nikamwachia amalize, kisha nikanyoosha mkono, utani wetu wa kila siku.

"Basi nirudishie karamu yangu, mama. Umeshajua kuandika."

"Hii ni ya ule unga," akasema.

Sikumwelewa. Nikatazama kitabu. Akilu, imefutwa kwa mstari mmoja. Akiru. Na mwandiko ule uliofutwa ulikuwa wangu, mwandiko ule ule niliotembea nao mlango kwa mlango Kipsongo, nikiandika orodha ya unga, kabla ya kuituma makao makuu na kwenda zangu Tongaren. Yule karani niliyempigia meza alikuwa amesoma nilichoandika. Hakuwa na kosa hata moja, masikini.

"Umejua tangu lini?" nikamwuliza.

"Tangu mwalimu afundishe r," akasema. "Nilirudi nyumbani nikaangalia kitambulisho, nikaangalia ile karatasi ulikuwa umeniandikia ya daftari. Nikajua kosa ni ya mkono yako, si ya makao makuu."

"Na ulinyamaza?"

"Ningesema, ungelia. Na ungetaka kalamu yako." Akaitazama, akaifuta wino kwa kanga, akairudisha kichwani. "Mrija imeisha mara tatu. Nanunua mwenyewe."

Nilitaka kuomba msamaha, mimi niliyeomba kila kitu kwa kila mtu, na neno halikutoka. Akanionyesha ukurasa.

"Andika tena kwa mstari mpya," akasema. "Jina yangu, halafu maharagwe. Pole pole. Mimi nakuangalia."

Nikaketi kwenye gunia la makaa, nikaandika, herufi moja moja, akisimama juu yangu mpaka nikamaliza.